Miamala imekwama kati ya Dar na Mwanza: skripti ya kuifuta ni salama?

Ngosha_wa_Data

Wakuu habari za leo. Naomba mwenye uzoefu wa PostgreSQL (programu ya databesi) anishauri kabla sijaandika kitu ambacho bosi anakitaka lakini roho yangu inasita.

Nipo kwenye saccos moja, jina naliacha. Tuna databesi mbili. Ya Dar ina mikoba ya simu ya wanachama pamoja na akaunti ya floti, ambayo kila muamala lazima uiguse. Ya Mwanza ina akiba na mikopo. Mwanachama akihamisha hela kutoka akiba kwenda mkoba, programu yetu, ambayo inakaa Dar, inabadilisha mkoba na floti hapo Dar, inapunguza akiba Mwanza, kisha inafanya komiti (uthibitisho) ya hatua mbili: PREPARE TRANSACTION (tayarisha muamala) pande zote, zikikubali zote ndiyo inatuma COMMIT PREPARED (thibitisha uliotayarishwa) pande zote.

Siku za kawaida mambo yanakwenda. Shida ni umeme ukikatika au seva ya programu ikizima katikati. Tukiwasha, tunakuta miamala imelala kwenye pg_prepared_xacts, orodha ya iliyotayarishwa lakini haijaamuliwa, mingine Mwanza peke yake, mingine pande zote mbili. Mwanachama ambaye mstari wake umeshikwa hatoi wala haweki, skrini inazunguka tu. Kuna siku kinachoshikwa ni mstari wa floti, na hapo saccos nzima inasimama.

Bosi anataka skripti ya kron, yaani inayojiendesha kwa ratiba: muamala wowote uliotayarishwa ukizidi dakika 10, ROLLBACK PREPARED (ghairi), basi. Anasema mwanachama atarudia mwenyewe. Je, ni salama?

Na jingine. Mwisho wa mwezi mishahara ikiingia foleni inakuwa ndefu ajabu, ilhali prosesa za seva zote mbili hazifiki hata robo. Ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ya Dar na Mwanza ni kama milisekunde 25. Tunanunua seva kubwa zaidi au kuna kitu hatukioni?

Ras_Pwani

Mkuu, hiyo skripti mbona watu wengi wanayo. Weka dakika 30 badala ya 10 uwe na uhakika kwamba mratibu, yaani programu inayoongoza muamala, ameshakufa kweli. Hutaona shida.

BiSeva

Ras_Pwani, nusu saa haiponyi kitu, inachelewesha msiba tu.

Ngosha mwanangu, roho yako inasita kwa haki. Usiiandike. Chukua hali moja tu: programu imepata "ndiyo" ya Dar na "ndiyo" ya Mwanza, ikatuma COMMIT PREPARED Dar, ikapita. Kabla haijatuma Mwanza, umeme ukakatika. Mkoba umeshaongezeka, mwanachama amepokea ujumbe, ameshatoa hela kwa wakala na yuko zake sokoni. Dakika ya kumi skripti ya bosi inaghairi upande wa Mwanza na akiba inarudi kama ilivyokuwa. Saccos imetoa hela ambayo haikupungua popote. Bosi anasema mwanachama atarudia; huyo wa kwetu ana sababu gani ya kurudia?

Mshiriki, yaani kila databesi, akishatayarisha na kusema ndiyo, haki ya kuamua imemtoka mkononi. Hawezi kughairi mwenyewe, hawezi kukomiti mwenyewe, hata akisubiri mwaka. Jim Gray aliieleza hii komiti ya hatua mbili mwaka 1978 na udhaifu wake ukajulikana mapema: mratibu akipotea baada ya kura na kabla ya kutangaza matokeo, washiriki wanabaki wameshika makufuli yao, na mwingine hawezi kugusa mistari hiyo. Ni kama kijumbe wa upatu aliyesafiri na daftari. Hela mmeshatoa wote, lakini mwezi huu anapokea nani, hakuna wa kusema. Dale Skeen alileta hatua ya tatu mwaka 1981 ili watu wasikwame hivyo. Ule mpango unategemea mtandao usikatike vipande viwili, na mtandao wa kwetu unakatika, kwa hiyo achana nao.

Swali langu kwako ni moja: uamuzi wa mratibu umeandikwa wapi? Kwa ulivyoeleza, sioni popote. Programu inakumbuka kichwani, umeme ukienda na kichwa kinakwenda. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Miamala iliyolala unayoiona ni dalili. Waandishi wa PostgreSQL wenyewe wanasema kwenye mwongozo kwamba PREPARE TRANSACTION haikukusudiwa itumiwe na programu za kawaida, ni ya mfumo maalumu wa kusimamia miamala. Ndiyo maana max_prepared_transactions (idadi ya miamala inayoruhusiwa kutayarishwa) inakuja ikiwa sifuri hadi uiwashe mwenyewe. Ukiiwasha umejiajiri kazi ya usimamizi, na kazi hiyo kubwa yake ni kuandika uamuzi.

Sasa dawa. Kwa kuwa databesi zako ni mbili tu, huna haja ya kutayarisha zote mbili. Tayarisha Mwanza peke yake. Dar iache ikomiti kwa muamala wa kawaida, na ndani ya muamala huo huo andika uamuzi. Tengeneza jedwali Dar, liite maamuzi, lenye gid (jina la muamala) kama ufunguo mkuu, usiojirudia, na safu ya uamuzi. Mpangilio unakuwa hivi:

Mwanza:
BEGIN;
UPDATE akiba ... ;
PREPARE TRANSACTION 'hamisho-88213';

Dar:
BEGIN;
INSERT INTO maamuzi VALUES ('hamisho-88213', 'komiti');
UPDATE mkoba ... ;
UPDATE floti ... ;
COMMIT;

Mwanza:
COMMIT PREPARED 'hamisho-88213';

Ile COMMIT ya Dar ndiyo uamuzi. Ikipita, mkoba, floti na neno "komiti" vimeingia diski kwa pamoja au havikuingia hata kimoja. Dar haiwezi tena kuwa na muamala uliolala, kwa sababu haitayarishi chochote. Na mwanachama unaweza kumjibu "imekamilika" hapo hapo, Mwanza ikamalizia nyuma.

Halafu ile skripti ya bosi, sasa unaweza kumwandikia, ila ifanye kazi ya kuuliza badala ya kufuta. Ikikuta muamala umelala Mwanza, inakwenda Dar na kufanya hivi:

INSERT INTO maamuzi VALUES ('hamisho-88213', 'ghairi') ON CONFLICT DO NOTHING;

Maana yake: kama gid hiyo ipo tayari, usifanye kitu. Inakomiti hiyo, ndipo inasoma: SELECT uamuzi FROM maamuzi WHERE gid = 'hamisho-88213'. Ikikuta "komiti", inatuma COMMIT PREPARED Mwanza. Ikikuta "ghairi", ROLLBACK PREPARED. Dar isipopatikana, inasubiri, haibahatishi.

Angalia kwa nini inaanza kwa kuandika. Ingesoma tu na kukuta hakuna kitu, huenda mratibu hajafa, amechelewa tu, na sekunde inayofuata angeandika "komiti" wakati wewe umeshaghairi. Ukiandika "ghairi" kwanza, mratibu aliyechelewa anagonga ufunguo mkuu, INSERT yake inakataliwa na muamala wake wote wa Dar unarudi nyuma pamoja na mkoba na floti. Na kama alikuwa ameshaandika lakini hajakomiti, INSERT yako wewe ndiyo itakayosubiri hadi ajulikane amefika wapi. Mmoja tu anashinda. Hapo sasa dakika 10 za bosi hazina madhara tena, hata aweke sekunde 30. Akiweka muda mfupi mno atawaghairisha wachelewaji, lakini hela haitapotea.

Hili la kwamba kusipokuwa na maandishi basi jibu ni kughairi si langu. C. Mohan na wenzake wa IBM walilichapisha mwaka 1986 kutoka kwenye mfumo wao wa databesi zilizosambaa, R*, na faida yake ni kwamba miamala inayoshindikana haihitaji kusukumwa diski na kusubiriwa.

Kuhusu foleni ya mwisho wa mwezi: usinunue seva. Hesabu muda ambao mstari wa floti unakaa na kufuli. Sasa hivi unaugusa kwanza, kisha unakwenda Mwanza kufungua muamala, unakwenda tena kupunguza akiba, unakwenda tena kutayarisha. Safari tatu za milisekunde 25 ni 75, na muda wote huo floti imefungwa. Sekunde moja ina milisekunde 1000, kwa hiyo saccos yako haiwezi kupitisha zaidi ya miamala 13 hivi kwa sekunde hata prosesa zikiwa za dhahabu. Ndiyo maana unaziona zimekaa tu. Na usimlaumu sana mtoa huduma wa mtandao: mwanga ndani ya nyuzi unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, Dar na Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 850, basi kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 8 na nusu, na nyuzi hazipiti kwenye mstari ulionyooka.

Kwa mpangilio niliokupa, safari zote za Mwanza zinaisha kabla hujagusa floti. Kufuli la floti linadumu kwa muda wa kusukuma logi (kumbukumbu ya mabadiliko) kwenye diski ya hapo hapo Dar. Diski ikimaliza kwa milisekunde 2, dari yako inapanda kuelekea miamala 500 kwa sekunde. Na floti iwe ya mwisho ndani ya muamala, baada ya mkoba, kama nilivyoiandika. PostgreSQL ina ujanja wa kukusanya miamala kadhaa kwenye msukumo mmoja wa diski, lakini ujanja huo hauwasaidii wanaogombea mstari mmoja, maana wa pili hawezi hata kuanza kabla wa kwanza hajaachia.

Ras_Pwani

Nimekubali mama, yangu naifuta leo leo. Ila kwa nini wasihamie CockroachDB, databesi inayojisambaza kwenye mashine nyingi, wakapumzika na haya yote?

BiSeva

Watapumzika na kuandika skripti. Umbali utabaki. Mifumo hiyo haikufuta komiti ya hatua mbili, ilimtibu mratibu tu: rekodi ya uamuzi haikai kwenye mashine moja, inanakiliwa kwenye mashine kadhaa ambazo lazima nyingi zikubaliane. Google walieleza databesi yao ya Spanner hivyo mwaka 2012, komiti ya hatua mbili juu ya makundi ya Paxos, utaratibu wa mashine kukubaliana kwa wingi. CockroachDB, kwenye toleo la 19.2 la mwaka 2019, wakaongeza komiti sambamba, ambapo rekodi ya muamala inaandikwa wakati mmoja na data yenyewe ili mteja asisubiri mzunguko wa pili. Kazi nzuri, naiheshimu.

Lakini Ngosha ana vituo viwili. Nakala tatu kwenye vituo viwili maana yake kimoja kinashika mbili, na hicho kikizima, kilichobaki hakina wingi na kinasimama. Anahitaji kituo cha tatu, Dodoma au popote, na kila anachoandika kisubiri jibu la kituo kingine. Kwa saccos yenye mafundi wawili watatu naona ni mzigo. Wakikua watahama.

Otis_Backend

Niko Nairobi, nimefuatilia hii thredi kwa makini. BiSeva, heshima zako, lakini mimi ningeitoa kabisa hiyo PREPARE. Sisi huku kila kitu cha kuvuka mfumo tunapitisha kwenye jedwali la kutuma. Muamala wa Mwanza unapunguza akiba na kuandika mstari kwenye jedwali la kutuma, komiti moja ya kawaida. Mfanyakazi wa nyuma anasoma mstari huo, anaupeleka Dar ukiwa na nambari yake ya kipekee, Dar inaongeza mkoba na kuhifadhi nambari hiyo ili ikija mara ya pili isiongeze tena. Ikikataliwa Dar, kwa mfano mkoba umefungwa, unatuma muamala wa kurudisha. Garcia-Molina na Salem waliziita saga, mwaka 1987. Hakuna kufuli linalovuka mtandao, na laini ya Mwanza ikikatika saa mbili kazi inaendelea, zile pesa zinafika baadaye tu.

BiSeva

Otis, kwa hamisho hili sina ugomvi na wewe. Akiba kwenda mkoba ni hela inayotoka sehemu moja na kuingia nyingine, na wahasibu wana akaunti ya fedha zilizo njiani tangu zamani, watakuelewa haraka kuliko mafundi. Hata kuharibika kwake kunaonekana: salio la njiani likikaa muda mrefu, mtu anapiga simu.

Ninapokataa ni kwenye mikopo. Saccos nyingi zina sharti kwamba mkopo hauzidi kiasi fulani cha akiba. Mkopo ukiidhinishwa kwa kuangalia akiba wakati hamisho liko njiani, au hamisho likirudishwa baada ya mtu mwingine kuamua kwa kulitazama, saga haina cha kukukinga. Katikati ya hatua kila mtu anaona hali ambayo haijakamilika. Utalazimika kuweka zuio kwenye akiba, na kulisimamia, na kulifungua likisahaulika, na mwisho wake umejenga komiti ya hatua mbili ya kwako mwenyewe isiyo na mwongozo. Nimekaa na databesi za benki tangu Oracle 8i, na mazuio yaliyosahaulika nimeyaona mengi kuliko miamala iliyolala.

Kwa hiyo Ngosha, akiba kwenda mkoba fanya kama Otis ukiona laini yenu inakatika sana. Kinachogusa masharti ya mkopo kipitishe kwenye mpangilio wangu. Vyote viwili vinaishi pamoja bila shida.

Otis_Backend

Hiyo ya mikopo nakubali. Sisi hatuna mikopo kwa mfumo wetu ndiyo maana haijawahi kutuuma.

Ngosha_wa_Data

Shikamoo mama. Nimejaribu mpangilio kwenye seva za majaribio, nikawa nachomoa waya wa programu katikati makusudi. Skripti ya kuuliza inamaliza yenyewe kila inapokuta kitu kimelala, na salio la pande zote linalingana. Mabadiliko ya foleni bosi ameyaona kwa macho, hata sikumweleza sana.

Nimebaki na mawili. COMMIT ya Dar ikikatika mtandao kabla sijapata jibu, nichukulie imeshindikana? Na Dar tuna replika (nakala ya databesi) kwa ajili ya dharura, inafuata kwa sekunde moja mbili hivi. Ina shida?

BiSeva

Marahaba mwanangu.

La kwanza: usichukulie chochote. Kukosa jibu si jibu la hapana. Programu ifanye kile kile kinachofanywa na skripti: iandike "ghairi" kwa ON CONFLICT DO NOTHING, isome, itii inachokisoma. Weka kazi hiyo sehemu moja, programu na skripti zote ziiite.

La pili ndilo limenifanya nijibu haraka. Replika inayofuata kwa kuchelewa itakurudisha kwenye msiba wa skripti ya bosi. Dar ikiungua, ukaipandisha replika, zile sekunde moja mbili za mwisho hazipo, pamoja na maamuzi yaliyoandikwa ndani yake. Mwanza imeshakomiti kwa kufuata maamuzi hayo. Akiba imepungua, mkoba haukuongezeka, na safari hii anayelia ni mwanachama. Weka synchronous_standby_names, Dar isikomiti kabla replika haijaandika. Replika iwe karibu, hapo hapo Dar kwenye jengo jingine, isije ikakurudishia zile milisekunde za Mwanza kwenye kufuli la floti. Na uwe na replika mbili ukiweza, ukidai mmoja kati ya wawili, kwa sababu ukiwa na moja tu nayo ikizima, COMMIT zote za Dar zitaning'inia.

Kagua pia synchronous_commit, inayoamua kama COMMIT isubiri diski. Kuna mafundi huiweka off wakitafuta kasi. PREPARE TRANSACTION na COMMIT PREPARED haziathiriki, PostgreSQL huzisukuma diski tu kila mara. Lakini uamuzi wako sasa unakaa kwenye COMMIT ya kawaida ya Dar, na hiyo inaathirika.

Ngosha_wa_Data

Nimekagua, ilikuwa off. Fundi aliyetangulia aliiandikia kabisa na maelezo: "kwa ajili ya mwisho wa mwezi". Nimeirudisha on.

La mwisho mama, jedwali la maamuzi linakua. Naruhusiwa kufuta ya zamani?

BiSeva

Mstari wa "komiti" ufute baada ya Mwanza kukujibu kwamba COMMIT PREPARED imepita. Kabla ya hapo, hata uwe na mwezi mzima, usiuguse, maana ukiufuta skripti itaandika "ghairi" juu ya hela iliyokwisha kutoka. Mstari wa "ghairi" uache hadi uwe na hakika mratibu wa muamala ule hayupo tena. Mimi ningeacha siku chache, ni baiti kidogo tu. Na usitumie gid ile ile mara mbili, hata ya muamala ulioghairiwa. Mwanachama akirudia, apate gid mpya.

Weka tahadhari Mwanza kwa chochote kilicholala zaidi ya dakika 5 kwenye pg_prepared_xacts, safu ya prepared inakupa saa yake. Zaidi ya makufuli, muamala uliolala unazuia VACUUM kusafisha mistari iliyokufa, na ukisahaulika muda mrefu sana databesi inaweza kufika mahali inakataa kuandika ili kulinda namba za miamala. Skripti iendeshwe na mtumiaji yule yule aliyetayarisha, vinginevyo itahitaji mamlaka ya msimamizi mkuu, na hayo usiyape kron.